Bagi ya injini ya pikipiki: maswali kuhusu cheni, ekseli na gia ya kurudi nyuma

Naunda bagi, vile vigari vya wazi vya kupita mchangani na kwenye mawe, hapa Fuoni, Unguja, nyuma ya nyumba, kwa mabomba, vyuma chakavu na injini za pikipiki. Karibu kila wiki kuna kijana anayekuja au anayepiga simu na maswali, na mengi yanafanana. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa hali ya kwetu: mchanga wa pwani ya mashariki, mawe ya maweni, udongo wa Pemba wakati wa masika, na chumvi inayokula kila kitu.

Kwa nini injini ya pikipiki haina rivasi?

Kwa sababu pikipiki haiihitaji. Pikipiki ya kilo 120 unaweka miguu chini unaivuta nyuma. Sanduku lake la gia limo ndani ya injini, linaoga oili ileile moja na klachi, na gia zimepangwa kwa mstari: moja, fri, mbili, tatu, nne, tano. Ili shafti igeuke kinyume inatakiwa gia moja zaidi katikati, na humo ndani hakuna nafasi yake.

Bagi ya kilo 300 yenye watu wawili ndani ni habari nyingine kabisa.

Mimi nitashuka nisukume. Kweli rivasi ni lazima?

Nilisema hivyohivyo nilipounda bagi yangu ya kwanza. Siku ya bamvua nikateremka nayo ufukweni, maji yamepwa mpaka mbali, mchanga mgumu kama sakafu. Magurudumu ya mbele yakaingia katika ufa wa jiwe. Nyuma yangu palikuwa safi; nilichotaka ni kurudi mita mbili tu. Lakini gari haina rivasi, na upande ambao ningesimama kuisukuma ndiko kwenye mashimo na mawe makali. Maji yakaanza kurudi. Wavuvi sita waliacha nyavu zao wakaja kuibeba kwa mikono, na tulipoitoa maji yalikuwa yameshafika kwenye kabureta. Wale watu sijawasahau, na tangu siku ile sijaunda bagi isiyorudi nyuma.

Ndiyo, ni lazima. Na uamue njia ya rivasi kabla hujachomelea bomba la kwanza, kwa sababu ndiyo itakayokwambia injini ikae wapi, ekseli iwe ya aina gani na fremu iwe ndefu kiasi gani. Wengi hufanya kinyume: wanaunda fremu, wanaweka injini, wanafurahi wiki mbili, halafu wanakuja kuniuliza rivasi itakaa wapi. Mara nyingi haina pa kukaa.

Kuna njia ngapi, na wewe unapendekeza ipi?

Ziko nyingi, lakini kwa mtu wa Unguja au Pemba mwenye mfuko wa kawaida naanza na moja: chukua mfumo wa nyuma wa guta.

Guta la mizigo la magurudumu matatu lina injini ya pikipiki, mara nyingi ile ya mtindo wa Honda CG ya sisi (cc) 150 mpaka 250, na lina rivasi. Waliolitengeneza walikwisha kukutana na tatizo lako. Baina ya injini na ekseli ya nyuma wameweka kisanduku kidogo cha gia chenye mkono wake: ukiusukuma huku unakwenda mbele, ukiuvuta unarudi nyuma. Nyuma kuna ekseli kamili yenye difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti), breki za ngoma na habu za magurudumu ya inchi 12. Guta lililogongwa mbele, fremu imepinda, huuzwa kwa bei ya vyuma, na sehemu yote ya nyuma bado nzima. Mimi nimetoa mbili hivyo.

Uzuri mwingine ni vipuri. Beringi, sili, krosi za propela na viatu vya breki vinapatikana kwa sababu maguta yanafanya kazi kila siku. Sanduku la rivasi la kuagiza kutoka Uingereza, kama yale ya Quaife yenye difu ya cheni na rivasi ndani yake, ni kazi nzuri sana ya uhandisi, lakini likivunjika Makunduchi utasubiri miezi.

Ubaya wake: ekseli ya guta ni nzito na imeundwa kwa springi za majani. Bagi nyepesi juu yake inarukaruka kwenye mawe. Punguza majani ya springi, bakisha mawili au matatu, ujaribu na mzigo halisi.

Ndani ya kisanduku hicho kuna nini? Naweza kuunda changu?

Kanuni ni nyepesi. Cheni haibadilishi upande wa mzunguko: sproketi ya mbele ikizunguka kwenda mbele, ya nyuma nayo inakwenda mbele. Gia mbili zilizogusana zinabadilisha: moja ikienda huku, nyingine inakwenda kule. Kwa hiyo weka shafti mbili sambamba. Ziunganishe kwa cheni, huo ndio mwendo wa mbele. Ziunganishe pia kwa jozi ya gia, huo ndio mwendo wa nyuma. Kisha juu ya shafti moja weka kola yenye meno inayoteleza, ishike ama sproketi ama gia, lakini kamwe isishike zote mbili kwa wakati mmoja.

Fundi mzuri wa kerezo anaweza kukuchongea shafti na kola. Gia tumia za sanduku bovu la pikipiki au gari, usichonge mpya, maana meno yaliyochongwa kwa chuma laini bila kutiwa ugumu yanaisha kwa siku chache. Na lazima kiwe kisanduku kilichofungwa chenye oili. Nimeona mtu ameziacha gia wazi akapaka grisi. Mchanga ukaingia kwenye grisi, ikawa kama msasa.

Kisanduku kikikaa baada ya injini, utakuwa na gia zote tano za kurudi nyuma. Tumia ya kwanza tu. Gari linalorudi nyuma kwa kasi usukani wake hautulii, unataka kujikunja wenyewe, na bagi fupi inapinduka kirahisi.

Nimeona watu wanatumia stata ya gari kama rivasi. Inafaa?

Inafanya kazi, na ina heshima yake: Honda Gold Wing GL1500, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1980, ilirudi nyuma kwa mota yake ya stata. Lakini Gold Wing ilirudi kwenye lami.

Unafunga duara la meno la flaiwili kwenye ekseli, unafunga stata kwenye fremu ili meno yake yaume pale. Injini iko fri, unabonyeza swichi, gari linarudi polepole. Kwa stata yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 10 na uwiano wa meno 10 kwa 1, ekseli inapata Nm 100. Kwa tairi lenye kipenyo cha sentimita 56 hiyo ni msukumo wa kilo 36 hivi. Kwenye sakafu ya saruji bagi ya kilo 440 pamoja na watu itasogea. Kwenye mchanga laini, unaoweza kudai hata robo ya uzito wa gari ili tairi lizunguke tu, kilo 36 si kitu. Stata itaunguruma, itanuka, itaungua.

Betri ya pikipiki nayo haitoshi. Stata ya gari huvuta ampea mia na zaidi, hivyo utabeba betri ya gari, nyaya nene na solenoidi. Na usiibonyeze zaidi ya sekunde kumi mfululizo, kisha uipumzishe. Kama bagi yako ni ya kuzunguka uwanjani na kuingia gereji, njia hii ni rahisi na ya bei nafuu. Kwa ufukweni siikubali.

Ile ya mota yenye roli la mpira linalosugua tairi usiifikirie kabisa. Tairi likiwa na matope linateleza.

Vipi nikichukua injini ya bajaji nzima?

Wazo zuri kwa mtu asiyetaka kuhangaika. Bajaji ya abiria ya magurudumu matatu ina injini, gia nne za mbele, rivasi na difu katika mwili mmoja, na shafti mbili fupi zinatoka moja kwa moja kwenda magurudumu ya nyuma. Huna cheni, huna sproketi. Unaunda fremu kuizunguka.

Haina mbio. Lakini kwa bagi ya shamba, ya kubebea nazi na maji, ningeichagua kabla ya nyingine yoyote.

Na injini ya skuta isiyo na gia?

Zile za mkanda, kama GY6 ya sisi 150, zina aina mbili. Ya skuta ya kawaida haina rivasi. Iliyotengenezwa kwa ajili ya bagi ndogo na magari ya kuchezea ina rivasi ndani, na mkono wa mbele, fri, nyuma. Ukiinunua hakikisha ni hiyo ya pili. Mkanda ukiingiwa na maji unateleza, kwa hiyo bomba la hewa la kasha la mkanda lipandishe juu.

Nina Vespa ya marehemu babu. Nitoe injini yake?

Itengeneze uipande. Injini ya Vespa imeungana na mkono wa gurudumu la nyuma na habu inakaa moja kwa moja juu ya shafti ya gia, haikubali kuendesha ekseli ya magurudumu mawili bila kuikatakata. Piaggio wenyewe, watengenezaji wa Vespa, walipotaka gari la mizigo kutokana na Vespa, mwaka 1948, waliunda Ape yenye mfumo wake wa nyuma.

Nasikia unaweza kuzima injini ukaiwasha izunguke kinyume. Ni kweli?

Ni kweli kwa injini za mipigo miwili. Messerschmitt KR200 ya Ujerumani, kigari cha magurudumu matatu cha mwaka 1955, kilirudi nyuma hivyo: unazima, unawasha kwa upande mwingine, unapata gia nne za nyuma. Injini yako ya mipigo minne haiwezi. Kemshafti inafungua vali kwa mpangilio wa upande mmoja; ukiizungusha kinyume, njia ya kuvuta inakuwa ya kutoa moshi.

Niunge injini ya pikipiki na sanduku la gia la Kirikuu?

Inawezekana. Lakini fanya hesabu kwanza. Injini ya Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ya sisi 660 hutoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya karibu Nm 60, na sanduku lake limeundwa kwa kiasi hicho. Injini ya pikipiki ya sisi 150 hutoa kama Nm 12, ila mpaka inatoka kwenye sproketi imeshazidishwa. Ikiwa upunguzaji wa klachi (gia zinazopunguza mwendo baina ya injini na klachi) ni mara 4 na gia ya kwanza ni mara 2.8, zinatoka Nm 134. Hapo ukiweka gia ya kwanza huku na ya kwanza kule, utavunja meno. Iache pikipiki katika gia ya tatu au ya nne, ubadilishe kwa sanduku la gari. Tatizo lililobaki ni uzito, na sioni faida ya kubeba masanduku mawili.

Difu au ekseli moja nzima?

Hili watu hugombania, na jibu linategemea unapopita.

Ekseli moja nzima ni shafti inayopita upande hadi upande, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja. Sproketi moja, diski moja ya breki inayosimamisha matairi yote mawili, beringi mbili au tatu za kufunga kwa bolti. Kwa bagi ya mtu mmoja shafti ya milimita 30 na beringi za UCP206. Kwa ya watu wawili nenda milimita 40 na UCP208. Kwenye mchanga hii ndiyo bora, kwa sababu hakuna tairi moja linaloruka bure huku jingine limelala. Kwenye lami inakera: ukipiga kona tairi la ndani linaburuzwa, usukani unakuwa mzito, na gari linataka kwenda moja kwa moja.

Difu inapinda vizuri, lakini tairi moja likiingia kwenye tope au likinyanyuka juu ya jiwe, mzunguko wote unakimbilia huko na umekwama. Wapo wanaoichomelea difu ya guta ili gia zake za ndani zisizunguke, ukawa na ekseli nzima yenye umbo la difu. Nimefanya hivyo kwa bagi ya ufukweni na nimeridhika. Kwa bagi inayokwenda Mwanakwerekwe na kurudi kwa lami nisingefanya.

Sproketi za meno mangapi?

Hapa ndipo bagi nyingi hufa. Mtu anachukua injini ya bodaboda pamoja na sproketi zake, anaitarajia ivute mara mbili ya mzigo, klachi inaungua mwezi wa kwanza.

Tuchukue namba za mviringo. Upunguzaji wa klachi 4, gia ya kwanza 2.8, gia ya tano 1, sproketi ya mbele meno 14 na ya nyuma 42, yaani 3. Jumla katika gia ya kwanza ni 4 × 2.8 × 3 = 33.6. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, tairi linazunguka mara 179. Tairi la sentimita 56 linakwenda mita 1.76 kila mzunguko, kwa hiyo ni kilomita 19 kwa saa katika gia ya kwanza na 53 katika ya tano.

Sasa nguvu. Nm 12 mara 33.6 ni Nm 403. Gawa kwa nusu ya kipenyo cha tairi, mita 0.28, unapata msukumo wa kilo 147 hivi. Toa kinachopotea kwenye cheni na gia, zinabaki 125. Kumbuka mchanga laini: robo ya kilo 440 ni 110. Umebakiwa na kilo 15 za kupandia kilima. Hutoki.

Ongeza shafti ya kati, baina ya injini na ekseli. Kutoka injini meno 14 kwenda 21, kisha 14 kwenda 42. Hiyo ni 1.5 × 3 = 4.5. Msukumo unapanda hadi kilo 187 baada ya kupotea, gia ya kwanza inakuwa karibu kilomita 13 kwa saa na ya tano 35. Watoto watalalamika kuwa haikimbii. Lakini itatoka mchangani.

Shafti ya kati inakupa pia mahali pa kukaa rivasi, na inakuepusha na sproketi kubwa ya nyuma inayogonga mawe.

Cheni namba ngapi?

428 ya bodaboda ina hatua ya milimita 12.7 na inatosha baina ya injini na shafti ya kati. Baina ya shafti ya kati na ekseli, ambako mvuto ni mkubwa, weka 520 yenye hatua ya milimita 15.875. Sproketi zake ni zake, usichanganye. Na cheni yoyote inayopita nyuma ya kiti ifunikwe kwa bati nene la milimita 3. Ikikatika inaruka, na nyuma ya kiti kuna uti wa mgongo wa mtu.

Injini ielekee wapi?

Vilevile ilivyokaa kwenye pikipiki. Ukiigeuza nyuma mbele utakuwa na gia tano za kurudi nyuma. Mtu mmoja aliniletea bagi nzima iliyopakwa rangi ikiwa hivyo, tukaikata upya.

Klachi na joto?

Klachi ya mkono ukiifanya ya mguu, weka kizuizi chini ya pedeli, la sivyo mguu utakata waya. Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu oili nyingi za gari hufanya klachi iliyomo ndani ya oili iteleze. Injini inayopozwa kwa upepo ikikaa nyuma ya kiti haipati upepo: ipe feni ya umeme au bati la kuelekeza hewa.

Chumvi je?

Kila ukitoka ufukweni mwaga maji baridi, siyo ya kisima chenye chumvi, kisha kausha na utie oili kwenye cheni siku hiyohiyo. Beringi zipigwe grisi mpaka ya zamani itoke.

Naruhusiwa kupita nayo popote ufukweni?

Hapana. Usipite juu ya mashamba ya mwani, vile vijiti na kamba ni riziki ya kina mama wa Paje na Jambiani na si njia. Usipite kasa wanapotagia. Barabarani usiingie na chombo ambacho hakijakaguliwa na kusajiliwa.

Niko Wete, Pemba. Ushauri huu unanihusu?

Zaidi hata kuliko wa Unguja, kwa sababu ya vilima. Huko kwenu shida kubwa ni mpando uliolowa, njia ya karafuu yenye udongo mwekundu. Gari linapanda nusu, matairi yanaanza kuteleza, linasimama. Ukiwa na rivasi ya stata, ile stata ina kifaa kinachoiachia gari likikimbia kuliko mota, kwa hiyo haikushikilii. Utateremka kinyumenyume kwa breki peke yake, na breki zenyewe zimejaa tope. Ukiwa na sanduku la guta, unaweka rivasi, unaachia klachi polepole, na injini inakushikilia mpaka chini. Nunua la guta, bwana, hata kama itabidi ulisubiri lije kwa boti kutoka Dar es Salaam.